Kuchagua springi za mbele za Land Cruiser iliyoongezewa vifaa

Pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ndiyo punda wa biashara katika njia kama hizi: Lokichoggio kwenda Kapoeta, Kasindi kwenda Beni na Butembo, Moroto kupanda kaskazini mwa Karamoja. Ni nadra kuikuta ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Mwenye gari huongeza bampa la chuma, winchi, betri ya pili na bamba la kukinga injini kwa chini. Baada ya miezi michache pua ya gari inainama, tairi zinagusa madigadi kwenye mashimo na dereva analalamika kwamba gari linagonga chuma kwa chuma. Hapo ndipo safari ya kutafuta springi huanza, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Hupotea kwa sababu swali linaloulizwa dukani huwa ni moja: "Zinanyanyua inchi ngapi?" Muuzaji naye hujibu anachoulizwa. Springi zinafungwa, gari linapanda juu, mteja anafurahi kwa wiki moja. Kisha usukani unaanza kutangatanga, shokapu zinavuja, na safari ya kwanza ndefu inakatizwa njiani mahali ambapo hakuna fundi wala spea. Springi za mbele huchaguliwa kwa kuangalia uzito unaokaa mbele ya gari siku zote. Mengine yote, pamoja na kimo, hufuata baada ya uzito huo kujulikana.

Gari lenyewe kwanza

Matoleo mazito ya mfululizo wa 70 yaliyotengenezwa kabla ya 1999 yalikuwa na springi za majani, yaani zile za vyuma bapa vilivyopangwa, mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota iliweka springi za koili mbele na kuacha za majani nyuma. Mwaka huo huo gurudumu lenye boliti 6 lilibadilishwa likawa la boliti 5, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kulitambua gari barabarani bila kufungua boneti. Mnunuzi wa gari lililotumika asitegemee kadi peke yake, kwani magari mengi yaliyozunguka nchi tatu au nne yamekwisha kubadilishiwa ekseli.

Injini nayo ina neno lake. Pikapu nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zina injini ya dizeli ya silinda 6, lita 4.2, inayojulikana kwa alama ya 1HZ. Kuanzia 2007 yapo yenye V8 ya lita 4.5, na matoleo ya karibuni yana silinda 4 ya lita 2.8. Injini hizo hazilingani uzito. Kwa hiyo springi iliyoandikwa "Land Cruiser 79" bila kutaja mwaka na injini haijamwambia mnunuzi jambo la maana.

Land Rover ilitangulia katika hili. Modeli ya One Ten, iliyokuja kuitwa Defender 110, ilitoka 1983 ikiwa na koili mbele na nyuma, na uzalishaji wa Defender hiyo ulisimama 2016. Maelezo yaliyomo humu yanaifaa pia, na hata Nissan Patrol yenye ekseli nzima mbele, ila vipimo vya spea ni tofauti.

Uzito upimwe kwenye mizani

Mtu akisema gari lake limeongezewa "kama kilo mia hivi", mara nyingi amekisia. Dawa ni mizani. Vinu vya nafaka, maghala ya mazao na yadi za vyuma chakavu huwa na mizani ya magari, na kupima ekseli ya mbele peke yake ni kazi ya dakika chache. Magurudumu ya mbele hupandishwa juu ya mizani huku ya nyuma yakibaki nje, mahali pa usawa. Tangi liwe limejaa, dereva awe kwenye kiti, na vifaa vyote vilivyofungwa mbele viwe mahali pake. Bodi ya nyuma iwe tupu. Kisha gari lipimwe tena likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Vipimo hivyo viwili huwashangaza wengi. Pikapu ya 79 yenye kabati moja ina urefu wa milimita 3,180 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Tuseme imebeba tani moja ya bidhaa, na kitovu cha mzigo huo kiko milimita 200 mbele ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele itaongezewa kilo 63 tu. Zilizobaki, kilo 937, zinabebwa nyuma. Mzigo ukisogezwa nyuma kwa milimita 400, ili kitovu chake kiwe milimita 200 nyuma ya ekseli, mbele hakuongezeki kitu bali kunapungua kilo 63. Ndiyo kusema, mfanyabiashara anayenunua springi ngumu za mbele kwa sababu anabeba saruji au mahindi mengi ananunua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Tatizo lake liko kwenye springi za nyuma, au kwenye upangaji wa mzigo.

Vifaa vya mbele vina hesabu ya kinyume. Bampa na winchi hukaa mbele ya ekseli, kwa hiyo huilemea kuliko uzito wake wenyewe, kama mtu anayening'inia kwenye ncha ya ubao. Tuchukue bampa la kilo 70 na winchi ya kilo 40 pamoja na waya wake, jumla kilo 110, na kitovu chake kiwe milimita 900 mbele ya ekseli. Ekseli ya mbele inapata kilo 141. Kilo 31 za ziada zimetoka nyuma, ambako gari limekuwa jepesi kwa kiasi hicho. Ongeza betri ya pili ya kilo 25 iliyokaa karibu na usawa wa ekseli, jumla inafika kilo 166, sawa na kilo 83 kwa kila springi. Hilo ni badiliko kubwa kuliko lililoletwa na tani nzima ya mzigo wa nyuma.

Magari yaliyorefushwa chesi, kama yale ya watalii yanayotengenezwa Arusha na Nairobi, hayafuati tarakimu hizi hizi. Urefu kati ya ekseli ukiongezeka, bampa lile lile linalemea mbele kidogo zaidi ya uzito wake, lakini si kwa kiasi kile kile. Namna ya kukokotoa haibadiliki: uzito wa kifaa uzidishwe kwa urefu wa gari kati ya ekseli ukijumlishwa na umbali wa kifaa mbele ya ekseli, kisha jibu ligawanywe kwa urefu huo wa gari.

Ugumu wa springi maana yake nini

Ugumu ni idadi ya kilo zinazohitajika kuibonyeza springi milimita moja. Springi yenye ugumu wa kilo 3.75 ikiwekewa kilo 375 itashuka milimita 100. Katalogi nyingine hutumia nyutoni kwa milimita, na za Marekani ratili kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na nyutoni 9.8 kwa milimita, au ratili 56 kwa inchi. Bila kubadilisha vipimo kwanza, mtu anaweza kulinganisha springi mbili na kudhani ile laini ndiyo ngumu.

Mambo matatu ndiyo yanayoamua ugumu: unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene wa waya una nguvu kuliko vyote. Ukiongezeka kwa asilimia 10, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 46. Upana wa duara hufanya kinyume, yaani duara likipanuka springi inalainika. Idadi ya mizunguko nayo ni hivyo hivyo: mingi hulainisha, michache hukaza. Urefu wa springi ikiwa imelala mezani hautajwi hapa kwa makusudi. Springi ndefu laini na springi fupi ngumu zinaweza kuliweka gari kwenye kimo kile kile, na mtu anayezilinganisha kwa kuzisimamisha sakafuni bega kwa bega hajapima chochote.

Turudi kwenye pikapu yetu ya mfano. Mizani imeonyesha kilo 1,150 mbele kabla ya kuongezwa kitu. Toa kilo 300 za ekseli, magurudumu na breki, ambazo hazikai juu ya springi. Zinabaki kilo 850, yaani 425 kwa kila upande. Springi yenye waya wa milimita 16, duara la milimita 130 likipimwa katikati ya waya, na mizunguko 8 inayofanya kazi, ina ugumu wa takriban kilo 3.75. Chini ya kilo 425 inabonyea milimita 113. Bampa, winchi na betri zikifungwa, mzigo unakuwa kilo 508 na springi inabonyea milimita 135. Pua imeshuka milimita 22, na nafasi iliyobaki kabla ya ekseli kugonga mpira wa kugongea imepungua kwa kiasi hicho hicho.

Sasa badilisha waya uwe wa milimita 17, mengine yote yabaki. Ugumu unapanda hadi takriban kilo 4.78. Chini ya kilo zile 508 springi inabonyea milimita 106, na gari linasimama milimita 7 juu ya kimo chake cha kiwandani. Milimita moja ya waya imemaliza kazi. Hakuna lililonyanyuliwa kwa inchi mbili, na gari linakwenda vizuri.

Lakini springi hiyo hiyo ikifungwa kwenye gari lisilo na bampa, mambo hugeuka. Kilo 425 zitaibonyeza milimita 89 tu, na pua itapanda milimita 24. Mwenye gari ataona amepata faida ya kimo bila gharama. Ukweli ni kwamba gurudumu limepoteza sehemu ya nafasi yake ya kushuka shimoni, na kwenye barabara ya makorongo madogo madogo, kama ile ya changarawe iliyokauka kiangazi, tairi inarukaruka badala ya kushika ardhi. Breki inayokanyagwa wakati tairi iko hewani haisaidii. Magari ya aina hii huvunja shokapu na kupasua mabano ya chesi, na dereva hulaumiwa kwa mwendo kasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema wahenga. Springi ya mwenzio nayo imebeba bampa la mwenzio.

Makundi ya katalogi

Watengenezaji wa springi za magari ya njia mbovu, hasa wa Australia, hupanga za mbele kwa kilo za vifaa vilivyoongezwa: gari lisilo na bampa, lenye bampa, lenye bampa na winchi. Za nyuma hupangwa kwa mzigo wa kudumu, kama kilo 300 au zaidi. Wanunuzi huchanganya mipangilio hii miwili na kuagiza za mbele za kundi zito kwa kufikiria mzigo wa bodi. Yaliyokwisha kuonyeshwa na mizani yanatosha kueleza kwa nini hilo ni kosa. Ikiwa gari limeangukia mpakani mwa makundi mawili, kwa njia ndefu za kubeba mizigo heri kundi jepesi lenye shokapu nzuri kuliko kundi zito.

Zipo pia springi ambazo mizunguko yake imekaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Hizo huanza laini, kisha hukaza kadiri zinavyobonyea. Zinafaa gari ambalo uzito wake wa mbele hubadilika, mfano lenye winchi inayofunguliwa na kufungwa. Kwa gari la vifaa vya kudumu, za ugumu mmoja ni rahisi kukokotoa na rahisi kupatia mbadala.

Kunyanyua gari kuna bei yake

Anayehitaji kimo kwa sababu ya kuvuka maji au mawe hakatazwi. Ajue tu kwamba ekseli ya mbele ya Land Cruiser hii imeshikwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesi. Gari likipanda milimita 50, mikono inainama zaidi na kuizungusha ekseli, na pembe ya kasta inapungua kwa kati ya digrii 2 na 3. Pembe hiyo ndiyo inayofanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Ikipungua, gari linatafuta njia yake lenyewe kwenye lami na dereva anashinda akilirekebisha siku nzima. Dawa ni bushi za kasta ambazo tundu lake limetobolewa pembeni badala ya katikati, au mabamba maalumu. Gharama yake iwekwe kwenye hesabu kabla ya kununua springi, isije ikawa habari mpya siku ya kufunga.

Fimbo iliyokingama kati ya chesi na ekseli nayo huathirika, na ekseli nzima husogea kidogo upande ambako fimbo imefungwa kwenye chesi. Mipira ya breki ikaguliwe gurudumu likiwa linaning'inia, isiwe imekazika. Shokapu, au shokomzoba kama zinavyoitwa na mafundi wengi wa Tanzania, ziwe na urefu unaolingana na springi mpya: fupi itageuka kuwa mnyororo unaozuia ekseli isishuke, ndefu mno itagonga mwisho wake kabla ya mpira wa kugongea kufanya kazi. Taa za mbele zirekebishwe pia. Gari lililonyanyuliwa pua huwapofusha madereva wanaokuja, na wasafirishaji wanaotoka Uganda kuingia Kongo, au Tanzania kuingia Rwanda na Burundi, tayari wana taa zilizotengenezwa kwa kuendesha kushoto zikitumika kwenye nchi za kuendesha kulia.

Njia za mkato za gereji

Mipira inayobanwa katikati ya mizunguko inauzwa kila mahali. Inapandisha gari, ni kweli, kwa kuzuia mzunguko mmoja usifanye kazi. Kwenye springi ya mizunguko 8 iliyobaki na 7 ugumu unapanda kwa asilimia 14, na mizunguko inayobaki inabeba kazi yote. Kwa kufika nyumbani siku ya dharura haina neno. Kwa mwaka mzima wa njia mbovu, springi hukatika karibu na mpira.

Kukata mzunguko ni hesabu ile ile, ila gari hushuka. Kuchoma springi kwa gesi ili ishuke au kuivuta ili irefuke huharibu chuma kilichopikwa kiwandani kwa joto maalumu, na springi hiyo haitabiriki tena. Springi iliyounganishwa kwa kuchomelea isifungwe kabisa. Bangili za chuma au plastiki ngumu zinazowekwa juu ya springi ni jambo tofauti: hazibadilishi ugumu, huongeza kimo tu, na kwa kusawazisha milimita 10 za upande mmoja hazina ubaya.

Springi za mtumba kutoka kwenye yadi za magari ya kukatwa huko Sharjah ni nafuu na nyingine ni nzima. Zinunuliwe mbili zilizotoka gari moja, zisimamishwe pamoja, na ikiwa mojawapo ni fupi bila kuwa na alama yoyote ya kutofautisha kushoto na kulia, ziachwe. Kutu iliyokula waya ni sababu ya kutosha kuzikataa. Kwa kuwa ugumu unategemea unene kiasi kile kilichoelezwa, milimita moja iliyoliwa si jambo dogo, na hapo ndipo ufa huanzia.

Kushoto na kulia

Watengenezaji wengine hutoa springi mbili zisizolingana, ya upande wa dereva ikiwa ndefu au ngumu kidogo kwa sababu upande huo hubeba zaidi. Defender ni mfano unaojulikana. Katalogi ikiandika "kulia", mnunuzi aulize ni kulia kwa gari la usukani wa upande gani. Springi zinazonunuliwa Mombasa au Dar es Salaam kwa ajili ya gari la Bujumbura au Goma zinaweza kuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa hilo, na gari likasimama limeinama upande mmoja. Agizo litaje "upande wa dereva" na "upande wa abiria", na liseme usukani uko wapi.

Kimo kipimwe kabla na baada, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kipimo cha kutoka ardhini hudanganywa na upepo wa tairi. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani zikikazwa likiwa juu ya jeki mpira wa bushi hukaa umejipinda na kuchanika mapema. Springi mpya hushuka kidogo katika kilomita mia chache za mwanzo. Ndiyo maana kimo, kasta na taa hukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza.

Kwenye forodha

Jambo hili huwapita hata mawakala wazoefu. Springi za koili, japo ni za gari, haziingii kwenye fungu la spea za magari la 8708. Zina mahali pake kwenye bidhaa za chuma, kifungu cha 7320.20, na za majani ni 7320.10. Shokapu ndizo zinazoingia 8708.80. Anayeagiza seti nzima kwa ankara yenye mstari mmoja ulioandikwa "suspension kit" anamwachia ofisa wa forodha aamue, na uamuzi huo unaweza kuja na swali, kucheleweshwa na gharama za kuhifadhi mzigo. Ankara itenganishe springi, shokapu na bushi, kila moja na idadi na bei yake.

Mzigo ufunguliwe upande wa muuzaji kabla haujavuka mpaka. Namba zilizogongwa au rangi zilizopakwa kwenye springi zilinganishwe na agizo, waya upimwe kwa kaliba, na jozi isimamishwe sakafuni. Springi zisizo sahihi zikigunduliwa ng'ambo ya mpaka, kuzirudisha kunahitaji hati za kutoa nje upya, na muuzaji aliyekwisha kulipwa huwa hana haraka.